Homa ilishuka siku ya tisa

"Fundi, hii nguo ya nani?"

Mteja wangu wa miaka mingi alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia, gauni limemkwama mabegani. Kitenge cha yadi 6, amekinunua kwa shughuli ya bintiye Jumamosi ile, nami nilikuwa nimekikata kwa vipimo vya mtu mwingine. Daftari lilikuwa wazi mezani wakati nakata. Kifua, kiuno, nyonga, urefu, vyote vimeandikwa kwa mkono wangu, ukurasa wa kulia. Macho yalisoma ukurasa wa kushoto, mkono ukafuata, na katika saa nne za kuunga, kupinda na kupiga pasi sikushtuka hata mara moja.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, hapa Tanga. Kazi hii nimeianza nikiwa binti. Siku ile, Oktoba 2021, nilimlipa mteja kitenge kipya, nikafunga duka saa saba mchana, nikakaa sakafuni katikati ya vipande vya nguo nikalia. Pesa iliniuma, lakini sikuililia pesa. Nilikuwa najililia mwenyewe, maana mtu aliyekata kile kitenge sikumjua. Tangu Julai kuna kitu kilikuwa kimenigeuza na hakuna aliyeweza kuniambia ni kitu gani.

Julai ile wengi wetu tunaikumbuka kwa misiba. Mimi niliugua siku tatu baada ya Idi kubwa. Homa, kichwa, kikohozi kikavu, viungo vinavunjika. Asubuhi ya tatu nilinyanyua kikombe cha chai ya tangawizi nikaona nakunywa maji ya moto tu, sina harufu, sina ladha. Sikupimwa, lakini shoga yangu tuliyekula naye sinia moja siku ya Idi alipimwa akakutwa na Korona. Tarehe 28, Rais Samia alipochanjwa hadharani kuzindua chanjo nchini, nilimsikiliza redioni nikiwa nimelala kifudifudi, kama jirani yangu nesi alivyonielekeza ili pumzi ipite vizuri. Nilijifukiza, nikanywa malimau. Siku ya tisa homa ilishuka. Mume wangu akachinja kuku, watu wakaja kunipa pole na kumshukuru Mungu, nami nikashukuru pamoja nao. Nilijua yamekwisha.

Nikarudi dukani wiki ya pili ya Agosti. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu. Nilikanyaga nusu saa, jasho likanitoka, moyo ukaanza kwenda mbio kama nimekimbizwa. Nikajiambia ni udhaifu wa kutoka kitandani, utaisha. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Ndoo ya lita 10 niliyokuwa naibeba bila kuifikiria ikawa safari ya vituo vitatu kutoka bombani hadi mlangoni. Kikohozi hakikutoka. Usiku kifua kinabana, mchana kichwa kina ukungu, natafuta mkasi huku nimeushika.

Tatizo kubwa lilikuwa kwamba sikuwa na neno la kuwaambia watu. Nikisema "nimechoka", kila mtu amechoka. Mwanamke aliyetoka kulima amechoka, mpagazi wa bandarini amechoka, na uchovu wao wanaulala usiku wanaamka wameuacha kitandani. Wangu nilikuwa naamka nao. Mwili mzito kama jamvi lililonyeshewa. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na wala hakuwa na nia mbaya, alinitazama nimelala saa nne asubuhi akasema, "Mwanangu, ukiulea mwili nao unajilegeza. Inuka." Nikainuka, maana hata mimi niliamini hivyo.

Hospitali nilikwenda, na kwanza niseme lililofanyika vizuri. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kwetu hupimwa kifua kikuu, na mimi nilipimwa. Makohozi yalipitishwa kwenye mashine ya GeneXpert, hakuna kitu. Picha ya kifua, safi. Virusi vya UKIMWI, sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, vyote vilipimwa vikaonekana vizuri. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu magonjwa hayo yana dawa, na mtu akiyaita "mabaki ya Korona" bila kupima anaweza kufa na kitu kinachotibika. Mwenye kikohozi kama changu leo nitamwambia aanzie hapo hapo.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoniumiza. Zahanati moja ikaniambia nina taifodi na UTI, nikapigwa sindano siku tano. Mwili haukubadilika. Kwingine nikapewa vidonge vya antibayotiki mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Dawa hizo zinaua bakteria, na mimi bakteria sikuwa naye. Mwishowe mtaalamu mmoja, akifunga faili langu, akasema, "Mama, vipimo vyote viko sawa. Una mawazo." Nilitoka pale nikitembea polepole kwa kukosa pumzi, na nilipofika kituo cha daladala nikaanza kujiuliza kama kweli ninaigiza.

Aliyenitoa huko ni mtoto wa dada yangu, anasomea utabibu. Alikuja likizo Desemba. Tulikaa barazani, mimi natunga uzi, akanishika mkono wa kushoto akatazama kovu kwenye kidole cha shahada. Kila fundi analo. Sindano ya cherehani iliwahi kunipita kidole kizima, ikakatikia ndani.

"Mama mdogo, sindano ilipotoka kidole kilikuwaje?"

"Kilivimba. Kikawa chekundu, cha moto, kinadunda."

"Siku ngapi?"

"Nne, tano. Halafu kikanywea."

"Sindano ulikuwa umeshaitoa. Sasa nani alikuwa anakivimbisha?"

Nilinyamaza. Akaniambia ni mimi mwenyewe, yaani kinga yangu. Kidole kikijeruhiwa, chembe nyeupe za damu hukimbilia pale, zinamwaga kemikali, mishipa inatanuka, damu na maji vinajaa. Ule wekundu na joto na uvimbe madaktari wanauita mchochota, na ndio unaomuua mdudu na kuanzisha ukarabati. Baada ya hapo lazima zije amri nyingine za kuutuliza. Kidole changu kilinywea kwa sababu amri zile zilifika. Baada ya virusi vya njia ya hewa, kwa watu wengine, zinachelewa au zinafika nusunusu. Virusi havikutwi tena kwenye kipimo, lakini chembe bado zimeamka na kemikali zake bado zinazunguka kwenye damu mwili mzima. Na wewe unahisi vile vile ulivyohisi siku ya homa, bila homa. Kwani hata siku ya homa, aliniambia, yale maumivu ya viungo na kutaka kulala sehemu kubwa inatoka kwenye kinga yako inayopigana.

Naandika haya nikiwa najua zaidi ya nilivyojua barazani siku ile, kwa sababu tangu hapo yeye ananitumia kila anachosoma na kunifafanulia. Mwezi mmoja tu baada ya mazungumzo yetu, Januari 2022, watafiti wa Sydney, Australia, walichapisha matokeo yao. Waliwafuatilia watu walioambukizwa, waliopona kabisa na waliobaki na dalili, wakaangalia damu zao. Kwa wale wenye dalili, miezi 8 baada ya kuugua, chembe za kinga zilikuwa bado zimechemka, na interferoni za aina fulani zilikuwa bado juu. Interferoni ni protini ambazo chembe huzitoa kama yowe, kuwaita majirani kwamba adui ameingia. Miezi 8 chembe zinapiga yowe. Na chembe changa za kinga, zile ambazo hazijawahi kukutana na adui na zimewekwa akiba kwa ugonjwa mpya, hazikuonekana kama inavyotakiwa.

Niliposomewa hayo nilimwomba arudie. Sikuwa naigiza. Vile vipimo vyangu vya kawaida vilikuwa safi kwa sababu havikutengenezwa kuangalia mambo hayo. Mwaka 2023 maabara ya Profesa Akiko Iwasaki wa Yale, Marekani, na wenzake wakaonyesha tofauti nyingine kwenye damu za wagonjwa kama mimi, mojawapo ni kotisoli iliyo chini, homoni ambayo kazi yake mojawapo ni kumwamsha mtu asubuhi. Wanaendelea kubishana chanzo ni kipi hasa. Wapo wanaofuata mabaki ya virusi yaliyojificha tumboni na kwenye tishu nyingine, wapo wanaofuata virusi vya zamani vilivyolala mwilini vikaamshwa, wapo wanaofuata kinga kugeukia mwili wenyewe. Inawezekana hatuumwi kitu kimoja sote.

Kuhusu mapafu nako kuna jambo, maana kikohozi changu kilinitesa. Baada ya mafua makali au Korona, chembe T, yaani chembe za kinga zinazoua chembe zilizoingiwa na virusi, hubaki kwenye mapafu kama walinzi, na hilo ni jema, linatukinga siku virusi vikirudi. Ila zikibaki nyingi kupita kiasi zinaumiza zilichokuja kukilinda. Wachunguzi wa Marekani mwaka 2021 waliwaangalia wazee waliopona Korona kali, wakakuta chembe hizo zimejaa mapafuni, na kujaa kwake kunaendana na mapafu kufanya kazi vibaya. Kwa bahati wengi wetu tunaokohoa baada ya mafua hatufiki huko. Njia ya hewa imebaki na hasira tu, vumbi la kitambaa au moshi wa mkaa unatosha kuiamsha, na kwa kawaida hutulia ndani ya wiki nane. Changu kilitulia mwezi wa nne, nilipohamisha pasi ya mkaa nje ya duka.

Nirudi Desemba ile. Mpwa wangu aliniambia neno moja la tiba: usijisukume. Nikamwitikia. Lakini Januari shule zinafunguliwa, na fundi wa Tanga asiyeshona sare Januari atalipaje kodi? Nikapokea sketi 20 za bluu na mashati 16 meupe. Siku nne nilikanyaga cherehani kuanzia asubuhi hadi taa. Na nilifurahi, kwa sababu niliweza. Siku ya tano nikapeleka mzigo kwa mguu wangu, nikajiona nimepona.

Siku ya sita sikuweza kuinua mkono kuchana nywele. Sisemi kwa kukuza. Kitana kilifika sikioni kikarudi chini. Mwanga wa dirishani ulikuwa unanichoma macho, sauti za watoto zilikuwa zinapigwa ndani ya kichwa. Koo likauma na tezi za shingo zikavimba kama mafua yanaanza, na hayakuanza. Nililala siku 16. Binti yangu alikuwa ananinywesha uji kwa kijiko.

Hapo ndipo nilipolishika somo, na naomba mwenye hali hii alishike bila kulala siku 16. Kupigwa kunakuja baadaye. Ukifanya kazi Alhamisi unadhani umeiweza Alhamisi, kumbe bili inakuja Jumamosi, na kwa kuwa Jumamosi umelala nyumbani huioni Alhamisi. Kwa miezi sita nilikuwa nimeilaumu mvua, chakula, jicho la watu, kumbe kila mara nyuma yake kulikuwa na siku niliyojiona mzima nikafanya kazi ya mtu mzima. Makaa ya pasi ndivyo yalivyo. Unayatazama yamevaa majivu, kijivu kitupu, unadhani yamezima. Pepea kidogo uone.

Kuna utafiti wa Amsterdam, Uholanzi, uliotoka Januari 2024, ambao ningependa kila mwajiri na kila mama mkwe ausikie. Wagonjwa 25 wa Korona ya muda mrefu, yaani hali hii yangu, na wazima 21 walipandishwa kwenye baiskeli isiyokwenda popote, wakaendesha kwa dakika chache hadi ukomo wa nguvu zao. Kabla ya hapo na siku iliyofuata walinyofolewa vipande vidogo vya msuli wa paja. Misuli ya wagonjwa ilikuwa imeharibika zaidi baada ya zoezi, vinu vya nguvu ndani ya chembe vinafanya kazi kwa udhaifu, na chembe za kinga zimeingia ndani ya msuli. Baiskeli ile na cherehani yangu ni kitu kimoja. Nami nilikuwa nimekanyaga siku nne.

Nilipoanza kuinuka, mwishoni mwa Januari, nilichukua lile daftari la vipimo nikafungua ukurasa mpya, nikaanza kujipima mimi. Nimefanya nini, dakika ngapi, nimelala saa ngapi, na kesho kutwa yake nikoje. Baada ya wiki tatu nilijua: dakika 20 za kukanyaga sizilipii, 35 ninazilipia. Basi nikakanyaga 15. Saa ya simu ikilia nasimamisha hata kama uzi uko katikati ya mshono, najilaza kwenye mkeka nyuma ya pazia, macho nimefumba, simu mbali. Kulala huko si kukaa na kupiga soga, soga nalo ni kazi. Kukata nikawa nakata nikiwa nimekaa. Mapigo ya moyo nayahesabu kwenye kifundo cha mkono, yakipanda sana naacha. Mwezi wa tatu tukauza mbuzi wawili, mume wangu akanifungia mota kwenye cherehani, miguu ikapumzika. Najua si kila mtu ana mbuzi wa kuuza. Wengi wanaougua hivi kwetu ni wachuuzi, mama lishe, vibarua, na kwao kupumzika maana yake ni watoto kulala njaa. Hili linaniuma, na sitaki mtu aseme pumziko ni dawa ya bure.

Bibi mmoja jirani, asili yake Newala, ndiye mtu mzima wa kwanza kunielewa bila kuelezwa. Alikuwa binti mdogo ugonjwa wa chikungunya ulipoingia uwanda wa Makonde mwaka 1952, ndio mara ya kwanza ulipotambuliwa na madaktari, na jina lenyewe ni la Kimakonde, la kupindapinda. Ule haupiti kwenye pumzi, unaletwa na mbu, lakini aliniambia, "Homa ya siku chache, mjukuu wangu. Mama yangu viungo vilimuuma miaka. Watu walimwita mvivu, na alikuwa mlimaji kweli kweli." Alisema "mlimaji" akaishika mikono yangu yote miwili.

Mpwa wangu alikuja kunisomea na habari ya nyuma zaidi. Mafua makubwa ya 1918 yalipopita kusini magharibi mwa Tanganyika, wanahistoria wameandika kwamba walionusurika walikuwa dhaifu kiasi cha kushindwa kulima mvua ziliponyesha, na mwaka uliofuata njaa ikaingia. Nimelifikiria sana jambo hilo. Watu waliopona wakashindwa kushika jembe, na bila shaka kuna aliyewaambia wainuke.

Leo jina lipo, Korona ya muda mrefu. Oktoba 2021, mwezi ule ule nilioharibu kitenge, Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali hii: dalili zilizopo miezi mitatu baada ya maambukizi, zimedumu angalau miezi miwili, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Zamani nilikuwa sijui. Sasa anayenijia dukani na maneno yale, nimechoka lakini si kuchoka, namwandikia hayo kwenye karatasi akampe tabibu wake. Na kuchanja namwambia, maana aliyechanjwa uwezekano wa kubaki na haya unapungua.

Mimi nilianza kuona unafuu wa kweli Februari 2023, miezi 19 tangu Julai ile. Haukuja siku moja. Nilikuwa nageuza pilau jikoni, nikasikia harufu ya karafuu, nikasimama na mwiko mkononi nikamwita binti yangu aje anihakikishie. Wale watafiti wa Sydney walirudi kwa watu wao baada ya miezi 24, na kwa wengi kinga ilikuwa imetulia. Wapo ambao bado. Naomba wasisahauliwe kwa sababu sisi tumeinuka.

Siko kama zamani. Nikipata mafua ya kawaida nalipa wiki mbili badala ya siku nne. Daftari langu bado lina kurasa mbili, wateja upande mmoja, mimi upande wa pili.

Hivi ninavyoandika ni Januari tena na meza imejaa kaki. Nimefanya asubuhi, nimelala, nimefanya mchana. Binti yangu, ambaye sasa anajua kutia mifuko kuliko mimi, ameniuliza kama tumalizie kaptura ya mwisho, imebaki mifuko miwili tu, haichukui robo saa. Nimemwambia atamalizia yeye kesho. Nimezima mota, nimefunika cherehani na kanga yake, nimeandika saa kumi na dakika tano.